Watu wa Kamanga ni wa wapi? Mnyororo wa Markov na historia ya kuwapanga watu makundi

Nilipovuka kwenda Kamanga mwezi uliopita, mzee mmoja aliyeketi karibu nami kivukoni aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu hadi tukafika gati la pili. Alikuwa amesikia kwamba nafundisha chuo kikuu. "Mwalimu," alisema, "hebu nieleze. Sisi wa ng'ambo hii ni watu wa Mwanza au watu wa Geita?" Nilimjibu kwa haraka ya mtu aliyezoea ramani: Kamanga iko Wilaya ya Sengerema, na Sengerema ni Mkoa wa Mwanza. Akatabasamu. "Hilo nalijua, mwanangu. Sikuulizi serikali imeandika nini. Nakuuliza sisi ni watu wa wapi."

Swali hilo si la mzaha. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, Wilaya ya Geita iliondoka Mwanza, lakini Sengerema ikabaki. Mtu akiangalia ramani tu atashangaa: kati ya Sengerema na makao makuu ya mkoa wake kuna Ghuba ya Mwanza, na kati ya Sengerema na Geita kuna nchi kavu na barabara. Lakini akiangalia nyendo za watu, mshangao unapungua. Mgonjwa anayepewa rufaa huvushwa kwenda Bugando. Mfanyabiashara hufuata bidhaa mjini Mwanza. Mwanafunzi naye huvuka. Mpaka ule wa 2012 unaweza kutetewa kwa nyendo na kupingwa kwa jiografia, au kinyume chake, kutegemea nani anazungumza na anataka nini.

Na ng'ambo ile ina historia ndefu ya kupangwa na wengine. Katika miaka ya 1940 na 1950 Wasukuma wengi walihamia magharibi ya ghuba, kwa msukumo wa uhaba wa ardhi na kwa kuhimizwa na serikali ya kikoloni iliyotaka kupunguza watu na mifugo katika Usukuma ya kati. Mwaka 1958 serikali hiyohiyo ilipotaka kuwaweka chini ya halmashauri ya mseto wa rangi huko Geita, wananchi waliikataa kwa maandamano yaliyofika hadi Mwanza. Walikuwa wamewekwa katika kundi ambalo halikuwa lao. Waliolipanga hawakuuliza watu hawa hukutana na nani, hushirikiana na nani, na huamuliwa mashauri yao wapi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na deni kwa yule mzee. Nilipoanza kulitafutia jibu, nilijikuta nimeingia katika tawi la hisabati ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja limekuwa likishughulika na swali lilelile kwa majina mengine: ukipewa nyendo za vitu kutoka mahali hadi mahali, utajuaje ni mahali gani panapaswa kuhesabiwa pamoja? Nitaisimulia historia yake kadiri ninavyoielewa, kwa sababu ni historia ya siasa pia.

Inaanzia Urusi, tena kwa ugomvi. Pavel Nekrasov, mwanahisabati wa Moscow aliyepitia kwanza masomo ya dini, alidai kwamba kanuni ya wingi, ile inayofanya wastani wa matukio mengi utulie, inahitaji matukio yasiyotegemeana. Kwa kuwa takwimu za jamii hutulia, alisema, basi matendo ya wanadamu hayategemeani, na huo ni ushahidi wa utashi huru. Andrei Markov wa St Petersburg hakuvumilia. Alikuwa mtu wa hasira na asiyeogopa wakubwa: mwaka 1912 aliliandikia Kanisa la Kiorthodoksi akiomba atengwe nalo, kwa kuwa lilikuwa limemtenga Tolstoy. Mwaka 1906 alionyesha kwamba hata matukio yanayotegemeana, kila moja likifuata lililotangulia kama pingu katika mnyororo, yanaweza kutulia vilevile. Hoja ya Nekrasov ikaanguka. Kilichobaki ni kifaa kipya, tunachokiita leo mnyororo wa Markov.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kuna hali kadhaa. Mtu au kitu kiko katika hali moja. Hatua inayofuata kitahamia hali nyingine kwa uwezekano fulani, na uwezekano huo hutegemea kilipo sasa tu, si safari yote ya nyuma. Uwezekano wote huandikwa katika jedwali, kila mstari ukieleza mahali pa kutoka na kila safu mahali pa kwenda.

Mwaka 1913 Markov alitoa mfano wake mashuhuri. Alichukua herufi 20,000 za mwanzo za *Eugene Onegin* ya Pushkin na kuzihesabu kwa mkono. Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Kisha akahesabu zamu: baada ya irabu, uwezekano wa kupata irabu nyingine ulikuwa 0.128, baada ya konsonanti, uwezekano wa kupata irabu ulikuwa 0.663. Akatoa ya pili katika ya kwanza, akapata −0.535. Namba hiyo moja inasema mengi. Ingekuwa sifuri, herufi zisingejali jirani zake. Kwa kuwa ni hasi na kubwa kiasi, irabu na konsonanti hukimbiana na kupokezana. (Nadhani Kiswahili kingetoa hasi kubwa zaidi, maana silabi zetu huishia kwa irabu, ingawa jina Kamanga lenyewe, kwa sauti yake ya "ng", lingetibua hesabu kidogo. Nawaachia wanaisimu.)

Markov hakuiita hivyo, lakini −0.535 ni kile tunachokiita leo thamani aigeni ya pili ya jedwali lake. Neno aigeni limetoka Kijerumani, na maana yake ni "ya kwake mwenyewe". Kila jedwali la namna hii lina thamani zake lenyewe, na orodha yake yote huitwa spektra, kwa jina lililoazimwa kutoka kwenye rangi za mwanga. Wajerumani wawili, Oskar Perron mwaka 1907 na Georg Frobenius katika kazi iliyokamilika mwaka 1912, walithibitisha jambo ambalo bila hilo tusingefika mbali: kwa jedwali la uwezekano, thamani kubwa kuliko zote ni 1, na hali zote zikiwa zinafikiana, hiyo 1 hutokea mara moja tu. Yaani mnyororo una utulivu mmoja wa mwisho. Thamani nyingine hueleza namna mnyororo unavyousahau mwanzo wake njiani kuelekea huko. Iliyo karibu na sifuri hufutika upesi. Iliyo karibu na 1 hukawia kufutika.

Hapo ndipo makundi yalipo, katika kukawia huko.

Wachumi waliliona hili mapema. Mwaka 1961 Herbert Simon na Albert Ando waliandika kuhusu mifumo inayokaribia kugawanyika: mifumo ambayo ndani ya kila sehemu mambo huenda haraka, na kati ya sehemu na sehemu huenda polepole. Simon, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alitumia mfano wa jengo lenye vyumba, kila chumba kikigawanywa kwa vizuizi vyepesi. Joto husambaa upesi ndani ya chumba, lakini huchelewa kupenya ukuta mnene kwenda chumba cha pili. Kwa muda mfupi kila chumba kina joto lake. Kwa muda mrefu jengo zima huwa na joto moja. Mwaka mmoja kabla yao, John Kemeny na Laurie Snell walikuwa wameeleza kwa makini ni lini hali kadhaa za mnyororo zinaweza kuunganishwa ziwe hali moja bila kuharibu hesabu. Masharti yao ni makali, na maisha ya watu hayayatimizi kikamilifu. Simon na Ando walituruhusu kuishi na ukaribu.

Turudi Kamanga. Nitatumia namba za kubuni, na naomba msomaji asizinukuu popote kama takwimu. Chukua mahali panne: Mwanza mjini na Igoma upande wa mashariki; Kamanga na Sengerema mjini upande wa magharibi. Tuseme kila siku mtu ana uwezekano wa 0.60 wa kubaki alipo, 0.36 wa kwenda kwa jirani wa upande wake, na 0.04 tu wa kuvuka maji, yaani 0.02 kwa kila mahali pa ng'ambo. Spektra ya jedwali hili ni 1, kisha 0.92, kisha 0.24 mara mbili. Itazame orodha hiyo. Thamani mbili zimesimama juu, halafu kuna bonde pana, halafu nyingine ziko chini. Idadi ya zilizo juu ni idadi ya makundi: mawili. Na kila thamani ina vekta aigeni yake, safu ya namba inayompa kila mahali alama. Vekta ya 0.92 inaipa Mwanza na Igoma alama ya kujumlisha, na Kamanga na Sengerema alama ya kutoa. Jedwali halikuambiwa popote kwamba kuna ziwa. Limeligundua lenyewe kutokana na nyendo.

Kipaji cha njia hii ndicho hicho. Mwanahisabati wa Prague, Miroslav Fiedler, alionyesha mwaka 1973 kwamba thamani ya pili ya jedwali la namna hii hupima jinsi mtandao ulivyoshikamana, na baadaye kwamba alama za vekta yake huonyesha mahali unapoweza kukatwa. Mwaka 2000 Peter Deuflhard na wenzake wa Berlin waliitumia njia ya jamaa hiyo kutambua maumbo ambayo molekuli hukaa humo kwa muda mrefu kabla ya kurukia umbo jingine. Mwaka huohuo Jianbo Shi na Jitendra Malik, huko Marekani, waliitumia kutenganisha vitu katika picha, na mwaka 2001 Marina Meilă na Shi wakaeleza kwamba kumbe kinachofanyika katika picha ni matembezi ya Markov tu: mtembezi anayeruka kutoka nukta hadi nukta na kukawia kutoka ndani ya kundi.

Lakini kwangu uzito uko kwenye muda. Katika mfano wetu, mtu aliyeanza siku ya kwanza upande wa Kamanga ana uwezekano wa asilimia 96 wa kukutwa upande huohuo kesho yake. Baada ya wiki ni kama asilimia 78. Baada ya siku 30 ni asilimia 54, karibu sawa na kurusha sarafu. Kwa hiyo swali la yule mzee lina majibu mawili, na yote ni ya kweli. Kwa mambo ya siku chache, kama soko la samaki, maji ya kunywa au shule ya msingi, upande wa magharibi ni kundi lake lenyewe. Kwa mambo ya mwezi na mwaka, kama biashara, tiba kubwa na maradhi ya kuambukiza, pande zote mbili ni jamii moja. Anayechora mpaka mmoja kwa ajili ya shughuli zote ameshaamua, bila kusema, ni muda gani anaouhesabu.

Sasa limekuja daraja. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo, Misungwi, na Busisi, Sengerema, lenye urefu wa kilometa 3. Pale ambapo zamani foleni ya magari ilisubiri kivuko, gari sasa linapita kwa dakika chache. Hebu tubadili namba zetu za kubuni: kubaki 0.60 kama mwanzo, kwenda kwa jirani 0.20, kuvuka 0.20. Spektra inakuwa 1, 0.60, 0.40 na 0.40. Lile bonde limetoweka. Baada ya wiki moja mtu ana uwezekano wa kama asilimia 51 wa kuwa upande alikoanzia. Makundi mawili hayaonekani tena, na njia yenyewe, ikitumiwa kwa uaminifu, inatuambia tusiyatafute.

Nimesema ikitumiwa kwa uaminifu, kwa sababu programu za kompyuta hazina haya. Ukiiamuru ikupe makundi matatu itakupa matatu, hata kama spektra haina bonde lolote. Nimewahi kukaa katika kikao, sitataja cha nani, ambamo idadi ya kanda ilikuwa imeshapangwa kwa kufuata bajeti, na mtaalamu aliombwa "alete ushahidi". Aliuleta. Ulikuwa na rangi nzuri.

Kuna pahala katika Afrika Mashariki ambapo hesabu za nyendo zimefanya kazi ya heshima. Mwaka 2009 Andrew Tatem na wenzake walichapisha uchambuzi wa simu 770,369 za wateja wa Zantel, za miezi mitatu ya mwisho wa 2008, wakati Zanzibar ilipokuwa inajiuliza kama inaweza kuimaliza malaria kabisa. Waliona kwamba safari nyingi za Wazanzibari zilikuwa fupi na za kwenda Dar es Salaam, ambako hatari ni ndogo. Wachache waliosafiri kwa muda mrefu kwenda maeneo yenye malaria nyingi ndio waliohitaji kuangaliwa zaidi. Mwaka 2012 Amy Wesolowski na wenzake, akiwemo Abdisalan Noor, walitumia simu za Wakenya karibu milioni 15, za tangu Juni 2008 hadi Juni 2009, wakaonyesha jinsi vimelea vinavyosafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria kwenda hadi Nairobi. Hawakutumia spektra hasa. Walitafuta vyanzo na mapokeo. Lakini jedwali ni lilelile: kutoka wapi, kwenda wapi, mara ngapi. Na hitimisho lao ni la kisiasa: Nairobi haiwezi kujilinda peke yake. Fedha ya kuilinda inapaswa kutumika huku ziwani.

Ninachokiogopa ni mstari usioandikwa. Jedwali la simu linamjua mwenye simu. Jedwali la kivuko linamjua mwenye tiketi. Sisi wa kandokando ya ziwa hili tulifundishwa maana ya jambo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo tunasema waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na wengine husema 1,000, bila mtu kuweza kututajia idadi kamili. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa inakaribia Ukara. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220, na waliookolewa ni 41. Tulijua idadi ya abiria kwa kuhesabu maiti.

Kihisabati, wale wa daraja la tatu wanapokosekana kwenye jedwali, hesabu haipungui tu ukubwa. Inabadilika umbo. Maskini ndio wanaovuka kwa mitumbwi, ndio wanaohama na dagaa kutoka mwalo hadi mwalo, ndio wanaounganisha visiwa ambavyo mabasi na meli kubwa haviunganishi. Ukiwatoa, thamani ya pili inapanda karibu na 1, bonde linajitokeza, na kompyuta inachora mpaka safi kabisa mahali ambapo watu hupita kila alfajiri. Halafu mpaka huo unapelekwa kwenye bajeti ukiitwa sayansi.

Nilirudi Kamanga Jumamosi iliyopita nikiwa na wanafunzi wanne na madaftari. Gatini hesabu ilikuwa rahisi; magari na tiketi zina utaratibu. Tulipohamia ufukweni, kwenye mitumbwi, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza mama anayevuka na beseni la dagaa asubuhi na kurudi adhuhuri amwandike kama mkazi wa upande gani. Tulimwuliza mwenyewe. Alicheka, akasema analala Kamanga na anakula Mwanza. Tuliandika safari mbili, kwenda na kurudi, tukamwacha aendelee na kazi. Yule mzee hatukumkuta. Tuliambiwa amekwenda Geita msibani na atarudi baada ya siku saba. Hiyo nayo tuliiandika.